Nani Anayelipa Ada ya Siku?

Wiki hii nataka tuongee mambo ya pesa, na wala si fungu la kumi. Kuna swali ambalo wengi wetu tunalikwepa kwa sababu linatugusa kwenye simu zetu wenyewe. Mtu akipungukiwa mfukoni, akasaidiwa kwa siku chache, ni haki atozwe kiasi gani kwa kila siku? Na ada hiyo ikibadilishwa, ikashushwa au ikapangwa upya, tutajuaje kama mabadiliko hayo ni ya haki ama ni ya kutufurahisha tu?

Nauliza kama mtu wa hesabu. Kwa miaka mingi nimetunza vitabu vya vyama na vikundi vidogo vidogo, na kazi hiyo imenifundisha jambo moja. Ukiambiwa ada imeshuka, usipige makofi kabla hujauliza imeshuka kwa nani.

Kutoka meza ya meneja hadi kiganjani

Zamani ovadrafti ilikuwa ya wenye majina. Ulikuwa na akaunti ya hundi, biashara yako inajulikana, unaingia kwa meneja wa benki umevaa koti, mnaongea, anakukubalia utoe zaidi ya ulichoweka. Mama mboga hakuwa na habari na mambo hayo. Akipungukiwa, alikopa kwa jirani au akafunga kibanda siku hiyo.

Januari 2019 mambo yakabadilika. Safaricom, pamoja na Commercial Bank of Africa (ambayo leo ni NCBA) na KCB, walileta Fuliza. Unataka kulipa shilingi 500 na kwenye M-Pesa una 200, basi unaongezewa zile 300 malipo yapite. Hiyo ni ovadrafti kamili, haina tofauti na ile ya mwenye koti. Kwa Mkenya wa kawaida, akaunti ya kila siku ni simu yake, na sasa hata hiyo ingeweza kuingia chini ya sifuri. Pesa yoyote inayoingia baadaye inakatwa kwanza kulipa deni, kabla mwenyewe hajaigusa.

Hebu tafakari jina lenyewe. Kufuliza, kwa Kiswahili chetu, ni kufanya jambo mfululizo bila kukoma. Ukiwa unalipa bili na hutaki kukwama, ni jina tamu. Ukiwa ndani ya deni, unakopa leo, unakatwa kesho, unakopa tena kesho kutwa kwa sababu ya kile kilichokatwa, jina hilo linakuwa na maana nyingine kabisa.

Ada zilikuwa mbili. Moja ni ya kuingilia, asilimia 1 ya kiasi ulichochukua. Ya pili ni ada ya kila siku mpaka ulipe. Hazikuitwa riba. Wakati huduma hii inaanza, sheria ya 2016 iliyoweka kikomo cha riba za benki ilikuwa bado inafanya kazi, na haikuondolewa mpaka Novemba 2019. Lakini mwenye deni hajali sana kama kilichomkata kinaitwa riba ama ada. Anajua tu kwamba hakipo.

Ilishuka, lakini ilishuka kwa nani?

Mwaka 2022, kuanzia Oktoba, ada za siku zilishushwa. Wengi tulishukuru, na tulifanya vizuri kushukuru. Anayekopa shilingi 1,000 kwenda chini alipewa siku tatu za kwanza bila ada ya siku. Huo ulikuwa msaada wa kweli kwa mtu anayekopa Jumatatu na kulipa Jumatano. Aliyechukua kati ya shilingi 1,501 na 2,500 alikuwa akitozwa shilingi 25 kwa siku, ikawa 20. Aliyechukua zaidi ya 2,500 alikuwa akitozwa 30, ikawa 25.

Sasa chukua kalamu tuhesabu pamoja.

Tuseme kuna dada anayeuza mboga kando ya barabara. Amechukua shilingi 3,000 aende sokoni alfajiri. Tuseme pia kuna ndugu mwenye duka la vifaa vya ujenzi, amechukua shilingi 60,000 amalizie malipo ya mzigo wa saruji. Wote wawili wanalipa deni lote siku ya kumi.

Kwa ada ya zamani, kila mmoja angelipa shilingi 300 za ada ya siku. Kwa ada mpya, kila mmoja analipa 250. Umeona? Amekopa mara ishirini ya dada, lakini ada yao ya siku ni moja. Kwa dada, zile 250 ni zaidi ya asilimia 8 ya mkopo wake. Kwa ndugu, hazifiki hata nusu ya asilimia 1.

Nisimwonee mtu. Ndugu analipa zaidi kwenye ada ya kuingilia, shilingi 600, na dada analipa 30. Tuziweke zote pamoja, tukiacha ushuru kando. Dada amelipa 280 kwa kutumia 3,000 siku kumi, yaani zaidi ya asilimia 9. Ndugu amelipa 850 kwa kutumia 60,000 siku hizo hizo, yaani chini ya asilimia 1 na nusu. Mwenye mkopo mdogo amelipa mara sita zaidi kwa kila shilingi aliyoiazima.

Kwa hiyo mabadiliko yalipunguza uzito, lakini hayakubadilisha namna mzigo unavyopangwa mabegani. Dada aliokoa shilingi 50, na shilingi 50 si haba kwa mtu anayehesabu nauli. Lakini yule aliye chini alibaki amebeba zaidi ya aliye juu. Punguzo ni jambo jema. Haki ni jambo lingine, na mtu anaweza kupewa la kwanza bila kupewa la pili.

Uingereza walijaribu njia nyingine

Usije ukadhani hili ni letu Wakenya pekee. Uingereza ovadrafti ni kitu cha kawaida kwenye akaunti za mishahara, na wao pia walikuwa na ada za siku zisizobadilika. Mtu akitoa pesa zaidi ya alizokuwa nazo, bila kupatana na benki mapema, angeweza kutozwa pauni 5 kwa siku hata kama amezidisha pauni 100 tu. Mamlaka inayosimamia huduma za fedha huko, FCA, ilipopekua hesabu za mwaka 2016 ilikuta kwamba zaidi ya nusu ya ada hizo za ovadrafti isiyo na makubaliano zilitoka kwa asilimia 1.5 tu ya wateja. Fikiria hilo. Watu wachache sana, wale wale, mwezi baada ya mwezi.

Na kumbuka huko akaunti ya kawaida huwa bure kwa mtu ambaye salio lake haliingii chini ya sifuri. Haimgharimu kitu kuitunza. Lakini benki haiendeshwi kwa hewa. Mwaka 2017 benki za huko zilipata zaidi ya pauni bilioni 2.4 kutokana na ovadrafti. Huduma ya bure ya mwenye nacho ilikuwa inalipiwa, kwa sehemu, na asiye nacho.

Basi kuanzia Aprili 2020 FCA ikapiga marufuku ada za siku zisizobadilika. Benki zikaamriwa kutoza riba moja tu, inayohesabiwa kwa mwaka, na zisimtoze aliyezidisha bila makubaliano zaidi ya yule aliyekubaliana nazo. FCA ilieleza kwamba yule wa pauni 100 angetoka kulipa pauni 5 kwa siku hadi chini ya peni 20. Hilo ni badiliko la namna mzigo unavyopangwa, si la uzito peke yake.

Lakini sikiliza kilichofuata. Benki nyingi kubwa ziliweka riba hiyo moja karibu asilimia 40 kwa mwaka. Kuna wateja waliokuwa na makubaliano mazuri, wakilipa nusu ya hapo au chini yake, na ghafla wakapanda. FCA yenyewe ilikadiria kwamba saba kati ya kila watumiaji kumi wa ovadrafti wangepata nafuu au wasione tofauti. Maana yake watatu wangeumia. Na hao watatu wakauliza swali la haki kabisa: mimi nimekosa nini?

Wanastahili jibu. Sehemu moja ya jibu ni kwamba unafuu wao wa zamani ulikuwa umesimama juu ya faini za wengine. Sehemu ya pili, na tuiseme bila kuogopa, ni kwamba baadhi yao pia walikuwa watu wa kuhangaika. Mzigo haukutoweka, ulihama kutoka bega moja hadi jingine. Na yule ambaye salio lake haliingii chini ya sifuri kamwe? Akaunti yake ilibaki bure kama kawaida. Hakuulizwa kitu.

"Lakini hakuna aliyelazimishwa"

Najua kuna msomaji ananiambia, mzee, hakuna mtu aliyeshikiwa bunduki akope. Ada zimeandikwa, anayekubali amekubali. Tena mkopeshaji naye ana gharama na ana hatari ya kutolipwa. Hoja hii si ya kupuuzwa. Bila huduma kama hizi, dada yetu wa mboga angerudi kwa yule mkopeshaji wa mtaani anayechukua kitambulisho na simu kama dhamana. Sitaki kumrudisha huko.

Ila hebu tuipime hoja hiyo. Gharama ya kuandika mkopo ni ya mara moja, na ndiyo maana kuna ada ya kuingilia. Ada ya siku inatozwa kila jua linapochomoza, ikiwa sawa kwa 3,000 na kwa 60,000, na sioni ni gharama gani ya siku inayolingana kwa mikopo hiyo miwili. Ama ile hatari, imepunguzwa tayari, kwa sababu shilingi ya kwanza inayoingia ni ya mkopeshaji. Na kuhusu kukubali, mtu anayekubali saa kumi na moja alfajiri akiwa ameshika gunia la sukuma wiki, na matatu inampigia honi, amekubali kweli, lakini kukubali huko si sawa na kwa mtu aliyekaa kitini anachagua. Sheria ya kale iliyajua hayo. Kumbukumbu la Torati sura ya 24 inakataza mtu kuchukua jiwe la kusagia kama rehani, maana ni kuchukua uhai wa mwenyewe. Mkopaji angeweza kulikubali sharti hilo kwa mdomo wake, na bado lingekuwa dhambi kwa aliyelitoa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Ada ni ya haki ikiwa inalingana na kile mtu alichopata, na ikiwa anaweza kuiona yote kabla hajaibeba. Ikiwa aliye chini analipa zaidi kwa kila shilingi ili aliye juu alipe kidogo, hapo kuna jambo la kurekebisha, hata kama kila mtu alibonyeza "kubali".

Nehemia alianzia nyumbani

Sasa hapa ndipo makala hii ingeweza kuishia. Tuwalaumu wakubwa wa benki na wa simu, tuseme Amina, twende zetu. Lakini soma Nehemia sura ya 5. Watu wanalia kwamba wameweka rehani mashamba na nyumba zao kwa ajili ya nafaka. Nehemia anawakasirikia wakuu, ni kweli. Lakini anaongeza jambo ambalo tunalirukia upesi. Anasema kwamba yeye na ndugu zake na watumishi wake nao wamewakopesha watu fedha na nafaka. Anajiweka ndani ya hesabu, kisha anasema sote tuache. Na katika vitu anavyotaka virudishwe, anataja ile sehemu ya mia ya fedha. Sehemu ya mia, mpendwa, ni asilimia 1.

Mimi na wewe hatumiliki benki. Lakini tunatoza ada ya siku bila kujua.

Chukua msichana wa kazi wa nyumbani. Mshahara wake ni tarehe 30. Wewe unampa tarehe 5 kwa sababu "mambo hayajakaa sawa", lakini Jumapili ya katikati mlienda kula nyama choma. Siku hizo tano yeye amechukua 2,000 kwenye simu kumtumia mama yake dawa. Shilingi 20 kwa siku, siku tano, ni 100. Ongeza ada ya kuingilia 20. Hizo 120 nani amemtoza? Jedwali linasema ni huduma ya simu. Mimi nasema ni wewe. Ulikopa kwake bila riba, naye akaenda kukopa kwa ada ili akukopeshe. Ile ile sura ya 24 inasema ujira wa kibarua ulipwe kabla jua halijatua, kwa sababu yeye ni maskini na moyo wake umeutegemea. Leo tunaweza kupiga hesabu ya jua moja likitua kabla hujalipa. Kwa mkopo huo, ni shilingi 20.

Ni hivyo hivyo kwa fundi uliyemwambia "njoo Jumatatu" mara tatu. Ni hivyo hivyo kwa mama mboga anayekuandikia kwenye daftari, nawe unampita kwa upande ule mwingine wa barabara. Hatuwezi kuomba ada zishushwe juu huku tunazipandisha chini.

Halafu kuna jambo la kanisani, na nitalisema kwa heshima. Siku za michango tunapenda kuambiana kwa mzaha, "hata kama huna, si kuna Fuliza?" Watu wanacheka. Lakini kuna mtu kwenye kiti cha nyuma ambaye hachekeshwi, anafungua simu. Anatoa 2,000 ambazo si zake, anarudi nyumbani na deni linalomkata 20 kila siku, na pesa ya kwanza inayoingia, ile ya unga, inakatwa kabla haijamfikia. Paulo aliwaandikia Wakorintho, katika waraka wa pili sura ya 8, kwamba utoaji hukubaliwa kwa kadiri ya alicho nacho mtu, si kwa kadiri ya asicho nacho. Yule mjane wa senti mbili alitoa vyote, ndiyo, lakini alitoa vyake. Hakukopa. Sidhani madhabahu inaheshimiwa na pesa ambayo mtoto wa mtu atailipia kwa kulala njaa, na sidhani anayesimama mbele kutangaza mchango anaweza kunawa mikono akisema, mimi sikumlazimisha.

Ninapendekeza mambo machache, na viongozi wetu wayapime. Michango mikubwa itangazwe mapema na ikusanywe baada ya mwisho wa mwezi, si tarehe 24. Mzaha wa kukopa ili utoe tuuache kabisa. Na vyama vyetu vya akina mama na vijana viweke mfuko mdogo wa dharura, wa shilingi 2,000 au 3,000 kwa mtu, usiotoza ada ya siku, unaolipwa kwa muda mliokubaliana. Hautamaliza tatizo la nchi. Lakini dada mmoja akiutumia siku kumi amebakiwa na shilingi 280 ambazo angezilipa kwingine, na anajua majina ya watu waliomwachia.

Kwako wewe binafsi, fanya hesabu moja wiki hii. Fungua simu, angalia ni kiasi gani kimekwenda kwa ada mwezi uliopita. Andika kwenye karatasi. Kisha upande wa pili wa karatasi hiyo hiyo andika majina ya watu unaowadai siku, si pesa: wale ambao malipo yao yako kwako na jua limekwisha kutua. Upande wa kwanza utakuambia umetozwa nini. Upande wa pili ndio ulio mikononi mwako, na unaweza kuupunguza kabla ya Jumapili.

Mungu akubariki unapohesabu.